Tunaisoma Usiku, Tunaikana Mchana

Niseme wazi tangu mwanzo. Katazo la kutumia Wikipedia katika kazi zetu za chuo halijamzuia mwanafunzi hata mmoja kuisoma. Limetuzuia kuitaja tu. Anayebisha na aingie kwenye hosteli yoyote ya Kansanga au Kabalagala wiki moja kabla ya siku ya kuwasilisha kazi, atazame vioo vya simu na kompyuta. Ukurasa ule mweupe wenye viungo vya buluu ataukuta karibu kila kitanda. Kisha asubiri kazi zikusanywe, afungue kurasa za mwisho, asome marejeo. Atakuta vitabu vilivyochapwa London na Nairobi, majarida ya Dar es Salaam, tasnifu za watu waliohitimu kabla sisi hatujazaliwa. Wikipedia hataiona hata mara moja.

Naishi Lukuli, hapa Makindye, na nasomea shahada ya kwanza, Kiswahili kikiwa mojawapo ya masomo yangu mawili. Chuo changu sikitaji, kwa kuwa tatizo hili si la chuo kimoja. Nimeongea na wenzangu wanaosoma kando ya barabara ya Ggaba, na wengine walioko Nakawa na Kawempe, na wimbo ni ule ule. Siku ya kwanza ya muhula mhadhiri anasimama mbele, anatusalimu, anatugawia ratiba, halafu anasema, "Na sitaki kuona Wikipedia." Tunacheka. Naye hutabasamu. Sote humo ndani tunajua kwamba itasomwa, na tunajua kwamba hataiona.

Nieleze inavyofichwa, maana huenda wahadhiri wengine hawajui kazi hii hufanywa kwa ustadi gani. Mwanafunzi anafungua makala, tuseme juu ya ushairi wa zamani wa Kiswahili. Anasoma kwamba Utenzi wa Tambuka una nakala ya mwaka 1728. Mwishoni mwa sentensi pana kinamba kidogo. Akikibonyeza anapelekwa chini kwenye tanbihi, na huko kuna mwandishi, jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Anaichukua sentensi, anaigeuzageuza maneno, kisha anaweka mabano yenye jina la mwandishi wa kitabu kile, kana kwamba alikaa nacho maktaba asubuhi nzima. Kitabu hajakiona. Hajui hata jalada lake lina rangi gani. Hajui kama ukurasa uliotajwa unasema hayo kweli, au kama aliyeandika makala alikosea namba, au alikielewa kitabu upande. Mhadhiri akifika kwenye mabano yale anaweka alama ya vema.

Mahakamani shahidi wa namna hiyo angeulizwa swali moja tu: uliona kwa macho yako, au uliambiwa? Aliyeambiwa si mhalifu. Anaweza kusema, "Niliambiwa na jirani," na hakimu akapima uzito wa jirani huyo. Mhalifu ni yule aliyeambiwa akaapa kwamba aliona. Sasa sisi tumewekewa utaratibu ambao anayesema ukweli, kwamba aliyasoma haya kwenye Wikipedia, anakatwa alama, na anayeapa kwamba alikiona kitabu ambacho hakukiona anapewa alama hizo. Halafu mwishoni mwa mwaka tunaandaliwa kongamano la maadili ya utafiti.

Najua hoja za upande wa pili, na sitazidharau, kwa sababu zingine ni za kweli. Ya kwanza na kubwa ni kwamba mtu yeyote anaweza kuandika humo. Ndiyo, anaweza. Mwaka 2005 ukurasa wa Kiingereza wa John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani, uliwekewa maneno ya uzushi yaliyomhusisha na mauaji ya John na Robert Kennedy, na uzushi huo ukakaa takriban miezi minne bila mtu kuufuta. Yule aliyeuandika alikuwa akifanya mzaha. Mwaka 2007, idara ya historia ya chuo cha Middlebury huko Vermont ilipiga marufuku kuitaja Wikipedia katika kazi za wanafunzi, baada ya wanafunzi kadhaa kuandika kosa lile lile katika mtihani wa historia ya Japani, kwamba mapadre Wajesuiti waliunga mkono uasi wa Shimabara wa karne ya 17. Wote walikunywa kisima kimoja. Hata Jimmy Wales, mmoja wa waanzilishi wa Wikipedia, amepata kuwaambia wanafunzi wa vyuo wasiifanye marejeo ya kazi zao.

Mifano hii tunaletewa kila mwaka. Kinachoachwa ni nusu yake ya pili. Idara ile ya Middlebury haikuwakataza wanafunzi kuisoma Wikipedia. Ilikubali kwamba inaweza kumwongoza mtu hadi kwenye chanzo kinachofaa kutajwa. Na kabla ya hapo, Desemba 2005, jarida la Nature liliwapa wataalamu makala za sayansi kutoka Wikipedia na kutoka Encyclopaedia Britannica wazilinganishe bila kujua ipi imetoka wapi. Katika makala 42, Wikipedia ilionekana kuwa na makosa kama manne kwa kila makala, Britannica matatu. Britannica walikuja juu na kuupinga utafiti huo, Nature wakashikilia msimamo wao. Mimi sisemi manne ni sawa na matatu. Nasema kwamba kitabu kile cha kifahari, chenye herufi za dhahabu ubavuni, ambacho hakuna mhadhiri angenikata alama kwa kukitaja, nacho kilikuwa na makosa, tena makosa yake hayakuwa na kitufe cha kuyarekebisha.

Basi tuache Marekani na Japani tuje kwetu, kwenye somo letu wenyewe. Kiswahili kilikuwa lini lugha rasmi ya Uganda?

Tulipewa swali la insha lililokuwa karibu na hilo. Marafiki zangu watatu waliandika mwaka 2022. Walikuwa na marejeo mazuri: magazeti, yenye tarehe za mwezi Julai mwaka huo. Ni kweli kwamba mapema Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, kwa kufuata maagizo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Habari ikaruka dunia nzima kana kwamba Uganda imekikuta Kiswahili mlangoni asubuhi ile. Lakini Ibara ya 6 ya Katiba yetu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, tayari inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kitakachotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Katiba ya 1995 ilikuwa na Kiingereza peke yake mahali hapo. Na nyuma zaidi, mwaka 1973, Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, jambo ambalo wazee wengi wa Makindye hawalisemi kwa furaha, kwa kuwa kwao Kiswahili cha miaka ile ni sauti ya askari wa kambi iliyo hapa hapa kilimani.

Miaka mitatu hiyo si kitu kimoja. Lugha ya taifa si lugha rasmi, na uamuzi wa mawaziri si ibara ya Katiba. Ndiyo maana swali lile lilikuwa zuri. Mimi nililianzia kwenye Wikipedia, na sikuona haya. Kurasa zake zilinipa mwaka zaidi ya mmoja, na kutofautiana kule ndiko kulikonifanya nisikubali wowote. Nikafuata tanbihi, nikatoka nje ya Wikipedia, nikaishia kwenye Katiba yenyewe, ambayo inapatikana bure mtandaoni. Katika marejeo nikaandika vyote viwili: Katiba, na ukurasa wa Wikipedia nilioanzia, pamoja na siku niliyousoma. Insha ilirudi na maneno matatu kwa wino mwekundu, "Wikipedia si chanzo," na alama zimepungua mbili. Za wenzangu watatu hazikuguswa kwenye 2022. Gazeti ni chanzo.

Mhadhiri huyo simtaji, na nampenda kwa mengine. Ninachokiuliza ni hiki: kalamu ile nyekundu ilikuwa ikitafuta nini? Kama ilikuwa ikitafuta kosa, ilipita juu ya kosa mara tatu bila kusimama. Ilikuwa ikitafuta jina. Na mwanafunzi anayefundishwa kwamba ukweli wa jambo hutegemea jina la lilikotoka, hata akipewa maktaba yote ya Makerere alale humo, ataandika alichokikuta cha kwanza.

Tena vitabu navyo hunakiliana. Upo uvumi unaojulikana sana, kwamba Amin aliwekwa kuwa mchezaji wa akiba wa timu ya raga ya Afrika Mashariki ilipocheza na Waingereza, British Lions, mwaka 1955. Umeandikwa na kurudiwa na watu wazima wenye heshima zao. Ukurasa wa Wikipedia wa Kiingereza unautaja kuwa ni uvumi, na unaeleza kwa nini: Amin hayumo kwenye picha ya timu wala kwenye orodha rasmi ya wachezaji. Hapo watu wasiolipwa waliofanya kazi ya kwenda kuangalia picha wanawashinda watu waliolipwa ambao hawakwenda.

Kuna jambo ambalo nadhani wahadhiri wetu wengi hawajalifanya, na nawaomba walifanye leo jioni kabla ya kunijibu. Wafungue makala yoyote ya Wikipedia, halafu wasiisome. Juu yake pana neno "Historia". Walibonyeze. Watapata orodha ya kila badiliko tangu siku makala ilipozaliwa: nani alibadili, tarehe gani, saa ngapi, aliongeza nini, alifuta nini. Wanaweza kuweka toleo la jana kando ya toleo la miaka kumi iliyopita na kuona neno kwa neno kilichobadilika. Kisha wabonyeze "Majadiliano", waone watu wakigombana: huyu anasema tarehe hii haina ushahidi, yule anasema kitabu ulichokitaja ni cha mtu aliyekuwa na chuki na upande mmoja. Kwa mwanafunzi wa historia au wa isimu, ugomvi ule ni darasa. Ni kitabu gani cha kiada kinachonionyesha mwandishi alifuta nini? Vitabu vya shule vilivyoandika kwamba Speke "aligundua" Ziwa Viktoria mwaka 1858, wakati wavuvi wa Ggaba na Munyonyo walikuwa wakiliita Nalubaale kabla babu yake Speke hajazaliwa, viliamua lini kuandika hivyo, na nani alipinga mezani? Hatuna ukurasa wa kubonyeza.

Nigeukie mfuko sasa, kwa kifupi, kwa sababu kila anayesoma hapa anayajua haya. Kitabu kimoja cha nadharia ya fasihi kinaweza kumla mtu chakula cha wiki mbili. Nakala ya maktaba ni moja na darasa lina watu themanini. Vibanda vya fotokopi vinatusaidia, lakini hapo pia kinachotolewa nakala mara nyingi ni sura moja isiyo na jalada, isiyo na mwaka, iliyofifia kwa kunakiliwa kutoka nakala ya nakala, na hiyo ndiyo hutajwa kwa heshima zote katika marejeo. Intaneti nayo ina bei. Tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 kwenye data, baada ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 2018. Na Januari ya mwaka huo huo wa 2021, wakati wa uchaguzi, mtandao ulizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Anayenijibu kwamba msomi asitegemee kitu kinachoweza kuzimwa na serikali kwa usiku mmoja ana hoja, na sina jibu zuri, isipokuwa kwamba ipo programu iitwayo Kiwix inayokuwezesha kuipakua Wikipedia ukaisoma bila mtandao, na ile ya Kiswahili ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye kadi ya simu bila shida.

Udogo huo ndio unaoniuma.

Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha pili. Yeye ni wa mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, ule unaotaka mwanafunzi afanye miradi na kutafuta habari mwenyewe, ambao asilimia 20 ya matokeo yake ya mwisho hutoka kwenye kazi za shuleni na 80 kwenye mtihani wa UNEB. Kiswahili anakisoma kwa lazima. Muhula uliopita walipewa mradi juu ya samaki wanaouzwa Ggaba, naye akataka kujua habari za sangara: aliletwa lini ziwani, aliwala samaki gani. Kwa Kiingereza alipata maelezo marefu, kwamba aliingizwa katika miaka ya 1950 na baadaye akawamaliza furu wa aina nyingi, wale ambao hapa tunawaita nkejje. Alipogeuza lugha kwenda Kiswahili, maelezo yakapungua ghafla kama maji ya bomba la Lukuli mchana. Akaniuliza, "Kaka, mbona Kiswahili kinaishia hapa?"

Sikumjibu vizuri siku ile, lakini jibu lipo. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, miaka miwili tu baada ya ile ya Kiingereza. Leo ina makumi ya maelfu ya makala, na nyingi kati yake zina alama ya "mbegu", yaani zilipandwa mstari mmoja au miwili zikaachwa zisubiri mtu wa kumwagilia. Wanaoziangalia, wale wanaoitwa wakabidhi, ni wachache sana. Kwa hiyo hapa nakubaliana na wahadhiri kuliko wanavyotarajia: kosa likiingia kwenye ukurasa wa Kiingereza unaosomwa na maelfu kwa siku, huenda likafutwa kabla chai haijapoa, likiingia kwenye ukurasa wa Kiswahili linaweza kukaa hadi mwanao aanze shule. Wikipedia ya Kiswahili haiaminiki sawasawa na ya Kiingereza. Na sababu yake ni sisi.

Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania waandike makala za Kiswahili, washindi wapewe zawadi. Makala ziliandikwa kwa mamia. Mwanzoni mwa 2010 shindano likaisha, zawadi zikagawiwa, na wengi wa waandishi wale hawakurudi tena. Sitaki kuwacheka. Kilichonishtua ni kwamba vyuo vyenyewe havikuokota pale Google ilipoachia. Wanafunzi waliofunzwa kuandika, kutafuta vyanzo na kuhaririana walirudi madarasani wakaambiwa, kama sisi, kwamba walichokiandika hakifai kutajwa.

Kampala ina deni hapa ambalo hatulisemi. Kamati ile ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kukisanifisha Kiswahili kwa nchi za Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, ilihamishiwa Makerere mwaka 1952 na ikafanyia kazi zake huko kwa miaka kadhaa kabla ya kuondoka kuelekea pwani. Kwa hiyo wapo waliokuwa wakiamua neno gani ni Kiswahili sanifu na lipi si sanifu wakiwa hapa, kwenye vilima hivi, umbali wa nauli moja ya boda kutoka Makindye. Sasa tukisikia Kiswahili tunasema ni mali ya Wazanzibari na Watanzania, sisi ni wageni, tutaandika nini. Nani atakayeandika kwa Kiswahili juu ya Nsambya na hospitali yake, juu ya Katwe na wahunzi wake, juu ya Munyonyo? Mtu wa Tanga? Ana ya kwao.

Sasa niwageukie wenzangu, msije mkadhani nimekuja kuwatetea. Mwanafunzi anayenakili ukurasa mzima wa Wikipedia, akasahau hata kuondoa vile vinamba vya tanbihi, akaupeleka kwa mhadhiri, anastahili sifuri, na mimi ningemwongezea adhabu ya uvivu. Yupo aliyewasilisha kazi yenye neno "hariri" katikati ya vichwa vya habari, kwa kuwa alinakili mpaka vitufe. Watu wa aina hiyo ndio waliotuletea katazo, na kila ninapojaribu kuitetea Wikipedia mbele ya mhadhiri, ni kazi zao anazonitolea kwenye droo.

Na wapo ambao hata Wikipedia wameshaihama. Wanaiuliza ChatGPT, inawapa aya tano zilizonyooka kama nguo iliyotoka kwa dobi, na wakiomba marejeo inaweza kuwapa majina ya vitabu visivyokuwepo duniani. Mashine hizo zimefunzwa kwa maandishi mengi, ya Wikipedia yakiwa miongoni mwake, lakini zinapokujibu hakuna "Historia" ya kubonyeza wala "Majadiliano". Huwezi kuona nani aligombana na nani. Vyuo vyetu vimetumia miaka mingi kutuogofya na chombo kinachoonyesha kila hatua ya kazi yake, na sasa tumeangukia kwenye chombo kisichoonyesha hata moja, tukiwa hatujafunzwa kuuliza, "Umeyatoa wapi haya?" Tulifunzwa kuuliza, "Je, jina hili linaruhusiwa?"

Kwa hiyo ninachokidai si kwamba Wikipedia iwekwe sawa na kitabu kilichopitiwa na wataalamu. Haiko sawa nacho, na makala ya kamusi elezo, iwe ya Wikipedia au ya Britannica, si mahali pa kuishia utafiti wa chuo. Nadai kwamba tukiitumia tuseme, na tukisema tusiadhibiwe kwa kusema. Mhadhiri atukate alama kwa kuishia hapo, hilo ni haki yake. Atukate alama kwa kutaja kitabu ambacho hatukukifungua, na ili ajue, atuite ofisini watatu kwa wiki, atuulize ukurasa wa 47 unasema nini. Nawahakikishia kwamba baada ya wiki mbili marejeo ya darasa zima yatapungua nusu, na nusu itakayobaki itakuwa imesomwa.

Na katika kozi za Kiswahili aende mbali zaidi. Badala ya insha yetu ya kumi na tano juu ya "umuhimu wa lugha," ambayo anaisoma yeye peke yake kisha inaliwa na mchwa chini ya meza, atupe mbegu moja kila mmoja. Mimi nipewe Kansanga, mwenzangu apewe sangara, mwingine apewe Ibara ya 6. Tuende tukasome, kwenye maktaba za vyuo, kwenye Jumuiya ya Uganda pale jumba la makumbusho Kamwokya ambako kuna nakala za Uganda Journal tangu miaka ya 1930, na kwa wazee wenyewe pale ambapo hakuna kilichoandikwa, ingawa maneno ya wazee Wikipedia yenyewe huyakataa yasipochapwa mahali kwanza, na huo ni udhaifu mkubwa kwa watu kama sisi ambao mengi yetu hayajachapwa; hilo nalo linafaa kugombewa kwenye "Majadiliano". Kisha tuandike kwa Kiswahili, tuweke tanbihi, mhadhiri afungue "Historia" aone nani kaandika nini na saa ngapi, atoe alama. Hatahitaji kukisia nani kamwandikia nani. Na mdogo wangu akigeuza lugha, apate kitu.

Tasnifu yangu naiwasilisha muhula ujao. Katika marejeo yake vitakuwemo vitabu nilivyovisoma, vichache kuliko desturi, na zitakuwemo kurasa nne za Wikipedia, kila mmoja na kiungo chake cha kudumu, tarehe na saa ya toleo nililolisoma, na kando yake nimeandika ni nini nilichokihakiki kwingine na kipi sikuweza. Atakayenikata alama kwa ajili ya kurasa hizo namwomba jambo moja tu. Aandike pembeni, kwa wino ule ule mwekundu, kosa liko mstari wa ngapi.